Gari dogo huchaguliwa kwa kilomita iliyo mbaya zaidi

Mtu anayeishi kijijini, katika nchi ambayo theluji hulala chini kwa miezi, anapotafuta gari dogo la kumpeleka kazini na kumrudisha kila siku, kwa kawaida huanza kwa kutazama magari. Mimi humshauri aanze kwa kuitazama njia yake. Sehemu kubwa ya safari hiyo huwa ni barabara kuu, ambayo magari ya kukwangua theluji huipitia kabla ya alfajiri na kuimwagia chumvi, na huko gari lolote lililo zima litapita bila taabu. Kinachoamua ni ile kilomita moja au mbili ambayo mnunuzi huisahau akiwa kwenye yadi ya magari: kijia cha changarawe kinachotoka nyumbani, mteremko ulio kivulini ambao jua la majira ya baridi haliufikii, daraja dogo linaloganda kabla ya barabara nyingine kwa sababu hewa baridi hulipitia juu na chini. Magari ya kukwangua theluji hutangulia kwenye barabara kubwa, na vijia vya namna hiyo hufikiwa mwisho, pengine baada ya wewe kuwa umekwisha kuondoka. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: alfajiri, baada ya usiku mzima wa theluji, sehemu iliyo mbaya kuliko zote katika njia yangu inakuwaje?

Majibu hayafanani. Mmoja ataona kwamba tatizo lake ni theluji laini inayofunika vifundo vya miguu, mwingine mlima mkali wenye barafu, na mwingine anaishi kwenye tambarare ambako hakuna mlima wala kina kirefu cha theluji, lakini upepo huipeperusha theluji kavu juu ya barabara mpaka ukingo wa lami haujulikani uko wapi. Theluji ya kina hudai gari lililoinuka. Mlima hudai magurudumu yanayovuta vizuri. Tambarare ya upepo hudai taa nzuri na kioo kisicho na ukungu. Barafu tupu hudai matairi, na juu ya barafu hakuna kifaa kingine chochote kinachoweza kuziba pengo la matairi mabovu.

Naanza na matairi kwa sababu hapo ndipo fedha ya mnunuzi wa gari dogo hufanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 kila sekunde. Kwenye lami kavu, tangu breki zinapoanza kushika hadi gari linaposimama, zinahitajika takriban mita 18. Kwenye theluji iliyoshindiliwa umbali huo hufika mita 55 au zaidi, na kwenye barafu laini unaweza kufika mita 140. Hesabu hiyo ni ya fizikia ya kawaida na uzito wa gari haumo ndani yake: kinachoingia ni mwendo na jinsi mpira unavyoshika barabara. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba gari dogo halifai kwa baridi kwa kuwa ni jepesi. Likiwa na matairi sahihi, gari dogo husimama sawasawa na gari kubwa lenye matairi kama hayo, na likiwa na matairi mabovu hupita alama ya kusimama kama lile kubwa lingalivyopita.

Mpira wa tairi la majira ya joto huanza kukakamaa hewa inaposhuka chini ya nyuzi joto 7 hivi, hata kama hakuna theluji yoyote barabarani. Tairi la majira ya baridi limetengenezwa kwa mchanganyiko unaobaki laini, na meno yake yamekatwa mipasuko myembamba mingi inayofunguka na kung'ata theluji tairi linapozunguka. Ukilichunguza karibu, ubavuni mwake utaona mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake ua la theluji. Mchoro huo una maana kwamba tairi limepita kipimo cha kushika theluji. Herufi M na S, kifupi cha Kiingereza cha matope na theluji, peke yake hazitoshi, kwa kuwa mtengenezaji huziweka kwa kauli yake mwenyewe bila kipimo chochote, na Ujerumani imekwisha kuacha kuzikubali kuwa uthibitisho wa tairi la majira ya baridi. Tazama pia kina cha meno. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kiwango cha chini cha kawaida ni milimita 1.6, lakini tairi la majira ya baridi lililobaki na kina hicho halina tena nafasi ya kubeba theluji. Sweden na Finland hudai milimita 3 katika majira hayo, na Austria hudai 4. Mimi nafuata hesabu ya Austria, hata pale sheria inaporuhusu pungufu.

Ufundi huu una historia ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Kampuni ya Finland ambayo leo inajulikana kwa jina la Nokian ilitoa tairi la kwanza la majira ya baridi mwaka 1934 kwa ajili ya malori, na miaka miwili baadaye ikatoa Hakkapeliitta kwa magari madogo. Baadaye yakaja matairi yenye misumari, ambayo hadi leo hayana mshindani kwenye barafu yenye unyevunyevu karibu na nyuzi sifuri, hali inayoteleza kuliko barafu ya baridi kali sana. Misumari hiyo hukwaruza lami na kutimua vumbi, na kwa sababu hiyo Japani iliipiga marufuku karibu kote mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ujerumani nayo haiiruhusu isipokuwa mahali pachache sana, wakati nchi za Skandinavia zinaendelea kuiruhusu kwa miezi maalumu. Anayesafiri kila siku kwenye barafu isiyomwagiwa chumvi, na sheria ya nchi yake inamruhusu, angefikiria misumari kwa uzito. Wengine wote wanatoshelezwa na tairi zuri lisilo na misumari. Matairi yawe manne ya aina moja. Kufunga mawili mazuri kwenye magurudumu yanayovuta na kuacha ya zamani nyuma ni kujitafutia balaa, kwa maana sehemu ya mbele itashika kona na ya nyuma itaserereka, na dereva atajikuta anatazama alikotoka.

Hapo ndipo gari dogo linapoonyesha faida ambayo wauzaji hawaitaji. Saizi ndogo ya tairi, kwa mfano 185/65 R15 (upana wa milimita 185, rimu ya inchi 15), ni nyembamba kiasi cha kukata theluji laini na kuifikia sehemu ngumu chini yake, ilhali tairi pana hupanda juu ya theluji na kuelea. Ni rahisi kupatikana, bei yake ni ndogo kuliko ile ya tairi la rimu ya inchi 17 au 18, na ubavu wake mrefu huilinda rimu dhidi ya mashimo yaliyofichwa na theluji. Ukipewa hiari kati ya gari la toleo la chini lenye rimu ndogo na lile la toleo la juu lenye rimu kubwa zinazong'aa, chukua la kwanza bila kusita. Kumbuka pia kwamba upepo wa tairi hupungua kwa karibu baa 0.1 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa) kila hewa inaposhuka nyuzi 10, hivyo tairi lililojazwa vizuri mwanzoni mwa majira ya kupukutika majani litakuwa limelegea baridi kali inapoingia, bila kuwa na pancha yoyote.

Sasa nije kwenye magurudumu manne yanayovuta, jambo ambalo karibu kila mnunuzi wa kijijini huanza nalo. Mfumo huo husaidia gari kuondoka na kupanda mlima. Hausaidii kusimama, kwa sababu kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne tayari, wala hauongezi chochote cha maana pale gari linapotakiwa kugeuka kwenye barafu. Tena una hatari moja iliyojificha: gari linalovutwa na magurudumu mawili tu huonya mapema, kwa kuwa magurudumu yakizunguka bure unapoondoka unajua papo hapo kwamba barabara inateleza, lakini gari la magurudumu manne huondoka kwa upole, hupata mwendo kama kwamba hakuna lolote, na dereva hujua ukweli anapofika kwenye kona. Kwa hiyo, kama bajeti inaruhusu kimoja tu kati ya mfumo huo na seti ya matairi mazuri, sioni la kujadili. Gari la magurudumu mawili lenye matairi ya majira ya baridi litakuvusha mahali ambapo gari la magurudumu manne lenye matairi ya joto litaishia mtaroni.

Hata hivyo ziko njia ambazo kweli zinaudai. Kama nyumba yako iko mwisho wa mlima mkali ambao haukwanguliwi hadi adhuhuri, hakuna ujuzi wa dereva utakaochukua nafasi ya magurudumu manne, na kwa bahati njema wapo watengenezaji walioyaweka kwenye magari madogo hasa. Fiat ilitoa Panda ya magurudumu manne mwaka 1983, gari jepesi la bei nafuu ambalo vijiji vya milima ya Alps vililipokea kwa mikono miwili, na mengi ya wakati ule bado yanapanda milima hiyo. Subaru ilikuwa na Justy. Suzuki imeendelea na kazi hiyo kwa bidii kuliko wengine, kupitia Swift na Ignis zenye mfumo huo, na kupitia Jimny, ambayo ni ya jamii nyingine kabisa. Jimny ina chasisi ya ngazi (fremu imara ya chuma chini ya bodi), gia za chini kwa ajili ya mahali pagumu, na tumbo lake liko milimita 210 kutoka ardhini, lakini ekseli yake ya mbele huunganishwa na dereva mwenyewe na haifai kuunganishwa kwenye lami kavu. Kwa mtu anayetembea kilomita nyingi za barabara kuu kila siku, kelele zake na ulaji wake wa mafuta vitamchosha. Ignis, yenye milimita 180, inanipendeza zaidi kwa kazi hii ya mchanganyiko.

Kimo hicho cha tumbo kina maana kubwa kuliko kinavyodhaniwa. Magari mengi madogo yako kati ya milimita 130 na 150 kutoka ardhini. Theluji ikizidi hapo, gari husukuma rundo mbele yake, kisha hulipanda, tumbo likabebwa na theluji na magurudumu yakabaki bila uzito wa kutosha kuyakandamiza. Hapo hata magurudumu manne huzunguka bure. Aliyejifunza udereva kwenye matope ya kina anaifahamu hali hiyo, na anajua pia kwamba kukanyaga mafuta huongeza shimo: afadhali kurudi nyuma katika alama zako mwenyewe mapema, kabla gari halijakaa. Basi pima theluji ya kijia chako kwa rula, ulinganishe na karatasi ya vipimo vya gari, na jibu litakuwa wazi kuliko maelezo ya muuzaji yeyote.

Kwa wengi waliobaki, gari dogo linalovuta kwa magurudumu ya mbele ni chaguo lenye sababu za kimsingi. Injini imekaa juu ya magurudumu yanayofanya kazi, na uzito huo ndio unaoyafanya yashike. Wasweden walilijua hilo mapema, maana Saab ilianza na magari ya namna hiyo tangu mwanzo wake, na dereva wao Erik Carlsson alishinda mashindano ya magari ya Monte Carlo, yanayopita milimani majira ya baridi, mwaka 1962 na 1963 kwa Saab 96 yenye injini ya sentimita za ujazo 841 tu. Mwaka uliofuata Mini Cooper ilishinda mashindano hayohayo, ikiyapita magari yenye nguvu maradufu. Huko Ufaransa Citroën ilikuwa imekwisha kuonyesha 2CV mwaka 1948, gari la wakulima lenye matairi membamba kama ya pikipiki na springi ndefu laini, ambalo sharti lake mojawapo la usanifu lilikuwa kuvuka shamba lililolimwa bila kuvunja mayai yaliyomo kikapuni. Sisemi kwamba mtu anunue magari hayo leo kwa safari ya kila siku. Ninayataja kwa sababu yanathibitisha kwamba wepesi, matairi membamba na uzito ulio mbele vilishinda theluji kabla elektroniki yoyote ya kumsaidia dereva haijavumbuliwa.

Elektroniki moja, lakini, siwezi kuiacha: mfumo wa kudhibiti uthabiti, ule unaofunga breki ya gurudumu moja moja pindi gari linapoanza kuserereka kutoka njia yake. Oktoba 1997 waandishi wa jarida la Sweden, Teknikens Värld, waliijaribu Mercedes A-Class, gari dogo jipya kabisa wakati huo, kwa kulikwepesha ghafla kama dereva anayemkwepa mnyama pori barabarani, nalo likapinduka. Kampuni ilirekebisha springi na kuufunga mfumo huo kwenye kila A-Class, na hivyo teknolojia iliyokuwa ya magari ya kifahari ikashuka hadi kwenye magari madogo. Taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani imekadiria kwamba mfumo huo hupunguza karibu kwa nusu ajali za kifo za gari moja peke yake, na ajali hizo ndizo hasa za vijijini: gari, kona, mti. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Kama unanunua gari la mtumba la kabla ya hapo, hakikisha kwamba unao, maana yapo magari madogo ya miaka hiyo yaliyouzwa bila huo. Angalia pia kama kipo kitufe cha kuzima udhibiti wa mzunguko wa magurudumu, kwa sababu gari likikwama kwenye theluji laini mara nyingine linahitaji kuachwa lizunguke kidogo ili litoke.

Baada ya kushika barabara kunafuata kuona. Alfajiri ya baridi kali kioo cha mbele huwa na tabaka la barafu linalokwanguka kwa vipande vidogo kama chumvi, mpira wa wipa umeganda kwenye kioo na ukiubandua kwa nguvu huchanika. Ndani ya gari, pumzi yako ya kwanza inaganda upande wa pili wa kioo kilekile. Theluji ya kwenye viatu huyeyuka, hunywea kwenye zulia, na maji hayo ndiyo yanayorudi kesho yake kama ukungu. Kwa hiyo mikeka ya mpira yenye kingo zilizoinuka ina faida kuliko mapambo mengi ya kulipia. Kiyoyozi, ambacho wengi hukizima majira ya baridi, kiwe kinafanya kazi, maana hukausha hewa kabla ya hita kuipasha, na mzunguko wa hewa ya ndani ufungwe ili hewa kavu ya nje iingie. Ford ilianza kuweka nyaya nyembamba za kupasha kioo chote cha mbele katikati ya miaka ya 1980, na baadaye kifaa hicho kikafika hata kwenye Fiesta. Kwa mtu anayeondoka nyumbani gizani kila siku, kioo hicho kina thamani kuliko skrini kubwa na rimu za aloi kwa pamoja. Viti vya kupasha joto navyo si anasa, kwa kuwa dereva asiyetetemeka hushika usukani kwa utulivu na havai koti zito linalolegeza mkanda wa usalama.

Kuhusu taa nitasema mawili tu. Taa za kisasa za LED hazina joto la mbele, hivyo theluji inayorushwa na magari mengine huganda juu yake bila kuyeyuka, ilhali taa za halojeni za zamani hujisafisha zenyewe kwa kiasi. Ukichagua gari la LED, uzoee kusimama na kuzifuta. Na taa za mchana zinazojiwasha zenyewe kwenye magari mengi haziwashi taa za nyuma, kwa hiyo kwenye theluji inayopeperuka washa taa kamili kwa mkono wako.

Asubuhi hiyohiyo gari linatakiwa kuwaka. Betri hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwenye baridi, wakati huohuo oili iliyoganda huifanya injini iwe nzito kwa stata. Namba ya nguvu ya kuwashia iliyoandikwa kwenye betri hupimwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na ni namba hiyo ya kulinganisha unaponunua mpya. Kwenye oili, herufi W inaonyesha tabia yake baridini: oili ya 5W hupimwa uzito wake wa kuwashia kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 0W kwa nyuzi 35, ile ya 15W kwa nyuzi 20 tu. Maji ya rejeta yakiwa nusu kwa nusu na kizuia kuganda yatahimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Mafundi wa gereji wana kipimo kidogo cha kuyajaribu, na kazi hiyo huchukua dakika moja. Gari dogo lina nafuu hapa pia, kwa kuwa injini ndogo huzungushwa kwa betri ya kawaida na hupata joto haraka.

Kupata joto haraka kunaniongoza kwenye aina ya mafuta. Kwa hesabu za Wizara ya Nishati ya Marekani, gari la petroli linalotembea mjini kwa nyuzi 7 chini ya sifuri hupoteza karibu asilimia 15 ya umbali linaokwenda kwa lita ileile kwa nyuzi 25, na kwa safari fupi sana hupoteza hadi asilimia 24. Gari la mseto, lenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, hupoteza zaidi, karibu theluthi moja, kwa kuwa injini ambayo ingezimwa hulazimika kuendelea kuwaka ili kupasha chumba. Dizeli ina ulaji mzuri katika safari ndefu, ila huchelewa kupata joto, na mafuta yake hutoa nta inayoziba chujio endapo tangi lina dizeli ya majira ya joto baridi kali inapoingia. Gari la umeme, kinyume cha wanavyosema wengi, lina fadhila nyingi kwa njia hii: hupashwa joto likiwa bado limechomekwa, huondoka bila kusubiri, na nguvu yake hudhibitiwa kwa ulaini mkubwa kwenye utelezi. Kikwazo ni umbali. Chama cha madereva cha Norway, NAF, kilipoyajaribu magari 20 ya umeme majira ya baridi ya 2020, yalipoteza takriban kati ya asilimia 10 na 30 ya umbali uliotangazwa. Basi chukua safari yako ya kwenda na kurudi, iongeze nusu yake kwa ajili ya mchepuko na foleni ya dhoruba, na uitake betri iweze kuitimiza hata ikiwa imepoteza hiyo asilimia 30. Kama inaweza, na una pa kuchomeka nyumbani, mimi ningelichukua la umeme lenye pampu ya joto, kifaa kinachopasha chumba kwa umeme kidogo kuliko hita ya kawaida. Kama haiwezi, petroli ndogo ya kawaida, isiyo na mambo mengi, ndiyo salama yangu.

Mtumba unataka macho makali zaidi, kwa kuwa chumvi inayookoa maisha barabarani ndiyo inayokula magari. Chumvi ya kawaida hufanya kazi vizuri hadi karibu nyuzi 9 chini ya sifuri, na maji yake hubaki majimaji, yanaingia kila upenyo wa bodi na kukaa humo. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia: gari lipandishwe juu, na wewe uingie chini na tochi. Rangi inayong'aa juu haisemi chochote. Tazama kingo za chini za milango, vikombe vya springi za nyuma, sehemu za kuwekea jeki, na zaidi ya yote mabomba ya breki yanayopita chini ya sakafu, ambayo yakiwa na magamba ya kahawia yanayobanduka kwa ukucha yanakutaka ubadilishe au uondoke. Jihadhari na chini iliyopakwa lami mpya nyeusi wiki hiyohiyo. Gari la miaka mingi lililotumika mahali pasipo na chumvi mara nyingi ni zima kuliko jipya zaidi lililopita majira kadhaa ya chumvi bila kuoshwa chini.

Vijijini kuna madai mengine ambayo anayeishi mjini hayaoni. Magari mengi madogo ya sasa huuzwa bila tairi la spea, badala yake kuna chupa ya dawa ya kuziba pancha. Dawa hiyo haiwezi kuziba ubavu uliopasuliwa na ukingo wa shimo, na baridi huifanya kuwa nzito. Mahali ambapo simu haishiki na gari la kuvuta liko mbali, mimi silinunui gari lisilo na nafasi ya spea kwenye buti. Jambo jingine ni mifereji inayoachwa na malori kwenye theluji iliyoshindiliwa. Magurudumu ya lori yako mbali mbali kuliko ya gari dogo, hivyo gurudumu lako moja hutumbukia kwenye mfereji na jingine hupanda kwenye tuta, na gari huvutwa huku na huku. Gari lenye umbali mrefu kidogo kati ya ekseli mbili huvumilia hali hiyo kwa utulivu zaidi, na hapa gari fupi mno huchosha mikono. Kwa upande mwingine, kwenye njia nyembamba yenye kuta za theluji pande zote, ambako unakutana na trekta, gari jembamba hupishana bila kuingiza gurudumu kwenye ukingo usioonekana.

Unapofika kulijaribu, omba injini iwe baridi, na uguse boneti kuhakikisha kwamba muuzaji hakuiwasha mapema. Sikiliza stata. Weka hita kwenye joto la juu uone hewa ya moto inakuja baada ya dakika ngapi, na inafika kwenye miguu ya abiria wa nyuma au la. Jaribu kubonyeza vitufe ukiwa umevaa glavu nene, kwa sababu skrini nyingi hazizitambui. Breki ya mkono ya umeme ni nzuri mteremkoni, lakini ile ya waya huwa na desturi ya kuganda usiku, na mwenye nayo hana budi kuliacha gari kwenye gia badala ya kuivuta. Gari likikuridhisha katika hayo yote, jumlisha kwenye bei yake rimu nne za ziada zenye matairi ya majira ya baridi, ili ubadilishaji wa kila majira uwe kazi ya jeki na spana tu, na uiagize seti hiyo kabla baridi haijaingia, maana theluji ya kwanza ikishaanguka foleni ya gereji huwa ndefu na saizi za magari madogo ndizo zinazokwisha mapema.